Waipa Iliyokuwa Ikinyoa Watu

Kwanza ilikuwa "tak", mlio mkavu kama mtu amevunja njiti ya kibiriti karibu na sikio lako. Kisha kimya cha kuhesabu moja, mbili. Kisha mvumo, mzito na usiokatika, kama wa nyuki mkubwa aliyefungiwa ndani ya debe la mafuta ya kupikia na ameshaanza kulizoea. Mimi nilisema inaimba. Mjomba Rama, ambaye baadaye mvumo huo ulipenya kwenye kiti cha pikapu yake na kumpanda mgongoni, alisema inamkuna mahali asipowashwa. Ilikuwa inverta, sanduku la bati lenye ukubwa wa mkate, la kuchukua umeme wa betri ya gari na kuugeuza uwe umeme wa nyumbani, na mimi, msichana wa miaka kumi na tisa, darasa la saba na mwisho wa masomo, ndiye niliyeificha ndani ya gari hilo katika mwaka wa utawala wa askari, ambao mtu wa Kampala hakuficha kitu kwa mchezo.

Mwezi uliopita tulimzika Papa Deo. Matangani, nyumbani kwa binti yake hapo Kabalagala, umeme ulikatika, na mkwe wake akaleta gari mlangoni ili kipaza sauti kisinyamaze. Nikaona kwenye dashibodi yake kisanduku kidogo chenye taa ya bluu, wazi kabisa, kama pambo, na simu sita za waombolezaji zikinywa umeme. Niliinamisha kichwa dirishani, nikatega sikio. Hakuna kitu. Mkwe akaniuliza kwa heshima, "Mama Zamu, umepoteza kitu?" Nikamwambia nimepoteza mlio. Akanishika mkono taratibu, akanirudisha kwenye kiti changu na kuniletea maji, akiamini huzuni imenizidi. Sikumsahihisha. Ningemwelezaje mtu mwenye kifaa kama hicho, na taa juu, kwamba baba mkwe wake na mimi na mjomba wangu tulipigishwa magoti kwenye tope kwa ajili ya babu wa kifaa hicho hicho?

Mwaka ule nililala chumba cha nyuma nyumbani kwa Mjomba Rama, pamoja na tairi nne za akiba ambazo hazikuwa akiba bali zilikuwa zimekufa, lakini hakuna mtu aliyetupa tairi. Tairi ilikuwa ni kitu. Kila kitu kilikuwa ni kitu. Sukari ilikuwa hadithi. Chai tulikunywa na chumvi kidogo, na mke wa Mjomba, Mama Hawa, aliimimina kwa madaha yale yale ya siku za sukari, akiuliza kila mmoja kama imekolea. Alikuwa akitupikia kisra, ule mkate mwembamba wa Kinubi unaochovywa kwenye mchuzi, na tulikula sote kutoka sinia moja, Mjomba akinisogezea nyama kwa kidole cha shahada huku akitazama pembeni, ili ionekane nyama imetembea yenyewe. Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba, nami nilijua vizuri sana walichofikiri juu yangu. Mama Hawa alisema kila siku kwamba msichana huyu anaongea na waya. Mjomba alimjibu amwache, waya angalau hazimjibu vibaya.

Na kweli niliongea nazo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimefagia duka la fundi redio mmoja mjini, na kutoka kufagia nikafika kushika koleo, na kutoka koleo nikafika kulehemu. Fundi yule alipoamua kuhama nchi, aliondoka asubuhi moja bila kuaga mtu mwingine yeyote, akaniachia pasi yake ya kulehemu, ile ya kuchomwa kwenye jiko la mkaa, balbu ya kupimia, na inverta. Alisema inverta ni nzuri ila haina kazi, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili ataiweka kwenye gari wakati huu. Mimi nilisikia neno "nzuri" tu. Usiku huo niliiweka chini ya kitanda, nikaota gari lenye taa na feni na redio na watu wanaocheka ndani yake. Nilikuwa mtu wa ndoto za namna hiyo. Wengine waliota kutoroka. Mimi niliota soketi.

Kazi ya inverta aliileta Papa Deo. Alikuwa kinyozi, Mkongo wa Bukavu, mkimbizi mwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nane, na chumba chake cha kunyolea kilikuwa nyuma ya baa, kwa hiyo wateja wake walikuja wakiwa wameshakubali kila kitu. Alikuwa na mashine ya umeme ya kunyolea aliyovuka nayo mpaka ikiwa imefungwa kwa nepi ya mtoto. Swichi ya mashine hiyo ilikuwa imekufa njiani, akaiunga moja kwa moja: ukiichomeka tu, inakata. Aliipenda kuliko meno yake. Shida ilikuwa umeme. Ulikatika utakavyo, na Papa Deo, ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu safari ile ya kutoka kwao, hakuthubutu kumalizia kwa mkasi. Mteja mmoja, karani wa heshima, alikaa na nusu kichwa tangu Jumatano hadi Ijumaa. Alikwenda kazini amevaa kofia ya sufu kwenye jua la saa sita, na wenzake wakamwuliza kama ana malaria. Papa Deo aliponisimulia, alicheka mpaka akafuta macho, kisha akawa anaendelea kuyafuta bila kucheka. "Mama Zamu," aliniambia, kwa sababu Wakongo humwita hata mtoto wa kike mama, "kinyozi bila umeme ni mutu tu mwenye kushika vichwa vya batu."

Nilimtazama yeye, nikaitazama mashine, nikaifikiria pikapu ya Mjomba. Kila Jumanne na Jumamosi Mjomba alikwenda Port Bell kuchukua mizigo, na kila mara alisubiri saa nyingi mpaka mabehewa yateremshwe kutoka kwenye feri. Wapakuzi nao walisubiri, wamekaa kwenye kivuli cha mabehewa, nywele zimewaota kama majani ya kando ya reli, bila kazi nyingine ila kukunana vichwa. Saluni ya magurudumu. Niliiona nzima, hata kioo.

Mjomba alikataa kwa siku kumi na moja. Alikuwa na haki. Kwenye vizuizi vya barabarani, kitu chochote chenye waya kilikuwa ni redio ya kuongea na maadui, na jirani yetu mmoja alikuwa amekaa mahali kwa siku mbili, hatukuuliza wapi, kwa sababu ya pasi ya kunyooshea nguo. Inverta yangu, yenye bati la kijani na matundu ya kupumulia, ilifanana na kitu cha kijeshi kuliko vitu vya jeshi lenyewe. Siku ya kumi na mbili Papa Deo alikuja kula nasi. Mkono wake ulitetemeka mpaka mchuzi ukamwagika kutoka kwenye kisra kabla haujafika mdomoni. Mjomba akasafisha koo. Alisema atakubali, kwa masharti mawili. La kwanza, kitu kifichwe hata yeye mwenyewe asijue kiliko wala kinavyowashwa. "Wakiniuliza," alisema, "nataka niwe mjinga wa kweli. Mjinga wa kuigiza wanamjua." La pili, siku kitakapotuletea balaa, nitamkabidhi pasi yangu ya kulehemu, na nitakwenda Bombo kwa shangazi kusuka vikapu, na neno waya halitatoka tena mdomoni mwangu. Nikala kiapo kwa mdomo uliojaa chakula.

Sasa nieleze nilivyoificha, kwa sababu hadi leo naionea fahari, na kwa sababu kosa langu limo humo humo. Inverta niliisukuma nyuma ya kiti, nikaizungushia sponji la godoro na gunia juu yake. Waya nilizipitisha kwenye tundu la sakafu hadi nyuma, kwenye sanduku la mbao ambamo Mjomba aliweka jeki na spana. Sanduku hilo nililitilia sakafu ya pili ya ubao, na chini ya ubao nikafunga soketi, si ya hapa kwetu bali ya Kikongo, ya tundu mbili za duara, kwa kuwa mashine ya Papa Deo haikujua nyingine. Mashine ilikaa humo humo, imechomekwa muda wote, ili tusipoteze dakika. Ilibaki swichi. Swichi mpya kwenye dashibodi ingeonekana na mtoto. Lakini dashibodi ile ilikuwa na kitufe kisicho na kazi: cha waipa. Mota ya waipa ilikuwa imekufa mwaka mmoja kabla, na Kampala nzima haikuwa na nyingine. Kwa hiyo waya wa waipa niliukata pale kwenye mota, nikaupeleka kwenye inverta. Ukivuta kitufe cha waipa, tak, moja, mbili, na soketi ina uhai. Nilifikiri: katika gari zima, hapa ndipo mahali pekee ambapo Mjomba hana sababu ya kugusa.

Maana waipa zake zilifanya kazi kwa kamba. Mvua ikinyesha, kamba moja ilitoka kwenye waipa na kuingia dirisha la kulia, kwa Mjomba, nyingine dirisha la kushoto, kwa Papa Deo. Mmoja anavuta, mwingine anaachia. Mimi nilikaa katikati na kutoa zamu: wewe, wewe, wewe. Papa Deo alishika mwendo kwa kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, Mjomba alishika mwendo kwa kaswida, na kwa kuwa nyimbo hizo hazikuwa na mwendo mmoja, mara kwa mara walijikuta wote wanavuta, waipa imesimama wima katikati ya kioo ikitetemeka, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa adabu kubwa.

Miezi minne ilikwenda vizuri ajabu. Tulifika Port Bell, Mjomba akateremka na kwenda kunywa chai mbali, mgongo kwetu, akiutunza ujinga wake. Mimi navuta kitufe. Papa Deo anafunua ubao, anatoa mashine, na mkono wake, hili ndilo nililotaka kusema miaka yote hii, mkono wake ulitulia. Akishika mkasi ulitetemeka, lakini mtetemo wa mashine na mtetemo wake vilikutana mahali fulani na kuuana, na akanyoa mstari ulionyooka kama reli. Wapakuzi walikaa kwenye kreti mmoja mmoja, shingo zimeinama, wakiongea yale ambayo watu huongea wakinyolewa na wasingeyaongea wakiwa wanatazamana: nani hajarudi nyumbani, nani kaonekana Kisumu, mke wa nani anauza vitanda. Mmoja alisema jambo la kutisha juu ya kaka yake, akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kuachiwa ndevu kidogo za kidevuni. Papa Deo akamwachia. Mimi nilikaa usukanini nikiusikiliza mvumo wangu, na niliona kwamba nimetengeneza kitu.

Jumamosi ya balaa ilikuwa siku mbili kabla ya Idd ya kuchinja. Mama Hawa alikuwa amenisuka kwa jioni mbili, misuko kumi na miwili myembamba iliyoanzia kwenye paji, na alikuwa amenivuta mpaka nyusi zangu zilikaa kwa mshangao. Nywele zangu zilikuwa ndefu. Nilizipenda kwa siri, chini ya mtandio, kama mtu anayejua ana keki chumbani. Mjomba naye alikuwa ameshanyolewa asubuhi ile na Papa Deo, kipara kitupu cha sikukuu, akiwa amefumba macho ili asione nimegusa nini. Papa Deo mwenyewe hakuwa na unywele tangu nimjue. Tulipakia samaki, tukageuza gari, na mvua ikaanza.

Kizuizi kilikuwa mbele kidogo baada ya Luzira, mapipa mawili na ubao, na kibanda cha mabati ambamo askari watatu walijikunyata. Wa nne, koplo mrefu mwenye koti la mvua, alisimama barabarani akatuangalia tunavyokuja: nyimbo mbili, kamba mbili, waipa imesimama wima. Alisubiri tusimame kabisa, akaja dirishani kwa Mjomba, akaitazama kamba kwa muda.

"Nyinyi nacheza?"

Mjomba akamweleza kwa heshima zote, afande hivi, afande vile, kwamba waipa imekufa mwaka wa pili sasa na spea hazipatikani. Koplo akasema gari bila waipa iko makosa. Mjomba akakubali kwamba iko makosa. Koplo akafikiri. Maji yalimtiririka puani. Labda aliona huruma, labda alitaka tu kuhakikisha kama haongopewi, akasema, "Washa. Mimi naona kama iko kufa kweli."

Niliuona mkono wa Mjomba ukiondoka kwenye usukani. Mpaka leo nikilala vibaya nauona. Ulikwenda bila haraka, mkono wa mtu asiye na dhambi, mjinga wa kweli kama alivyotaka, ukakikamata kitufe cha waipa. Kushoto kwangu Papa Deo aliiachia kamba. Nilifungua mdomo. Mjomba akavuta.

Tak. Moja. Mbili.

Mvumo ulianza nyuma ya viti, na hapo hapo, ndani ya sanduku la mbao, mashine ya kunyolea ikafufuka. Haikuwa imefungwa kwenye nepi. Ilikuwa imelala chini ya ubao mwembamba, imeugusa, na juu ya ubao palikuwa na jeki na spana sita. Sanduku zima lilianza kulia kama meno ya jitu lenye baridi. Koplo aliruka nyuma, akaingia kwenye dimbwi hadi magotini. Kibandani nilisikia bunduki tatu zikikokiwa. Mjomba alikitazama kitufe mkononi mwake kama mtu aliyevuta uzi wa shati na nyumba ikaanguka.

Tukateremshwa. Tukapigishwa magoti kwenye tope, sote watatu, mikono kichwani, mvua inatupiga na sanduku linaendelea kung'aka kwa sababu hakuna aliyethubutu kurudi garini kukisukuma kitufe. Nilimtazama Papa Deo. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti. Nilijua anachofikiria: ile karatasi iliyokunjwa mara nane. Mtu wa nje, mwenye waya, njia ya Port Bell. Mjomba angeweza kurudi nyumbani baada ya siku mbili kama yule jirani wa pasi. Papa Deo asingerudi. Na yote yalitokana na mimi kuwa mwerevu mahali pabaya.

Koplo akauliza, kutoka mbali, hiyo kitu ni ya nani.

"Yangu, afande," alisema Mjomba Rama. Alisema mara moja, mtu aliyenikataza kwa miezi minne hata kutaja waya mbele yake.

"Hapana, mukubwa, ni yangu," alisema Papa Deo.

"Ni mimi niliyeitengeneza," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya paka.

Koplo akatuangalia mmoja mmoja. Alikuwa ameshaona watu wengi kwenye magoti, na nadhani wote walikuwa wakisema si yangu, si yangu.

"Nyinyi nagombania bomu?"

Nikamwambia si bomu, afande, ni mashine ya kunyoa. Nikamweleza yote, betri, soketi, kitufe, nikiongea mbio kama redio isiyoshika stesheni, na nilipofika kwenye waya wa mota nikaona Mjomba ananigeukia taratibu, magotini, akiyasikia kwa mara ya kwanza. Koplo akamtuma Papa Deo afungue sanduku, yeye akiwa amesimama nyuma ya pipa. Papa Deo akaitoa mashine ikiwa inavuma, akaiinua juu ili ionekane. Koplo akasema kitu kinachovuma kinaweza kuwa kitu chochote. Kama inanyoa, inyoe.

Hapo ndipo tulipotazamana vichwa. Mjomba akavua kofia yake: kipara kilichong'aa, na matone ya mvua juu yake. Papa Deo: kama kibuyu. Koplo akawaita wenzake. Hakuna askari aliyetaka kuwa wa kwanza kuwekewa kitu hicho kichwani.

"Kinyozi hapana nywele," alisema koplo, na sauti yake ilianza tena kuwa mbaya. "Dereva hapana nywele. Hii mashine nanyoa nani?"

Nikavua mtandio. Sikujipa muda wa kufikiri, kwa kuwa ningefikiri ningelia. Misuko kumi na miwili ilianguka mabegani, mbele ya wanaume sita, na Mjomba akageuza uso akatazama upande wa ziwa. Papa Deo alikuja na mashine hadi inchi moja kutoka kwenye paji langu, akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza mkono wake kutetemeka akiwa ameshika mashine hiyo.

"Siwezi, mama. Hii ni nywele ya sikukuu."

"Papa Deo," nikamwambia, "fuata katikati. Kama reli."

Akafuata. Ilikuwa baridi, kisha joto, na ule mvumo wangu, niliokuwa nimeusikiliza kwa miezi minne kutoka usukanini, safari hii uliingia mpaka kwenye meno. Misuko miwili ya katikati ikaanguka kwenye tope. Nikainua kichwa. Nilikuwa na barabara iliyonyooka tangu kwenye paji hadi utosini, na misuko mitano kila upande kama miti ya kando ya barabara.  Kisha askari mmoja kibandani akatoa sauti kama birika linalochemka, na mwingine akafuatia, na koplo akajishika kwenye pipa. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Nilipiga magoti kwenye tope nikacheka na machozi yananitoka, na kwa mvua ile hakuna aliyeweza kuyatenganisha.

Koplo alipomaliza, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliokota misuko miwili, akaifuta tope kwenye koti lake, akanipa mkononi. Kisha akavua bereti. Chini yake nywele zilikuwa zimefungamana kama kiota. Akasema, kwa sauti ya chini, karibu ya aibu, kwamba mkubwa wao anakuja kukagua kesho, na kinyozi wa kambi amekimbia. Kwa hiyo Papa Deo aliwanyoa wanne, mmoja mmoja, chini ya turubai, Mjomba akishika pembe moja ya turubai na askari aliyeshanyolewa akishika nyingine. Mkono wa Papa Deo ulitulia tena kuanzia kichwa cha pili. Mimi nilikaa usukanini na mtandio wangu nikitunza injini isizimike. Walipotuinulia ubao wa kizuizi, koplo, ambaye sasa alionekana mdogo wa umri kuliko mimi, alipiga bati la mlango mara mbili. "Waipa yako mzuri sana, mzee," alimwambia Mjomba. "Hapana badilisha."

Mpaka Kabalagala hakuna aliyeimba. Walivuta kamba kimya, na kwa mara ya kwanza mwendo wao ulikuwa mmoja. Tulipofika uani Mjomba alizima gari, akakaa. Aliniuliza kwa nini pale, katika mahali pote. Nikamwambia palikuwa mahali pekee ambapo nilijua hatagusa. Akalifikiria jambo hilo kwa uaminifu, jinsi alivyofikiria kila kitu. "Kweli nisingegusa," alisema, akateremka.

Mama Hawa aliponivua mtandio alikaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa kamba. Alilia kwa ajili ya jioni zake mbili, akanilaani, akanikumbatia, akaniuliza kama nimekula, akanilaani tena. Papa Deo alisimama mlangoni, kofia mkononi, akiahidi kwamba kesho asubuhi atanimalizia vizuri, kwa upole, na taulo la moto. Mimi nilikuwa na kiapo. Nilikwenda chumbani kwangu, kati ya tairi, nikaichukua pasi ya kulehemu, nikaifuta, nikamletea Mjomba kwenye sinia pamoja na chai yake ya chumvi. Alikunywa chai yote. Kisha akalirudisha sinia kwangu likiwa na pasi juu yake, akitazama pembeni, kwa kidole cha shahada, hivyo hivyo alivyokuwa akinisogezea nyama.

"Hii mimi sijui kuitumia," alisema.

Mvua ilikuwa imekatika na jua la alasiri lilikuwa limerudi uani. Wao walikuwa ndani bado, nikiwasikia kupitia ukuta: Mama Hawa akisema huyu mtoto, huyu mtoto, na Papa Deo akisimulia upya pale pa kugombania bomu, na Mjomba akicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nikafungua sanduku la mbao, nikafunua ubao, nikaitoa mashine na kuupitisha waya wake dirishani. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikavua mtandio, nikaiweka ile misuko miwili juu ya dashibodi ili itazame. Nikageuza kioo cha pembeni mpaka nikaona kichwa changu kizima, na barabara yangu katikati.

Kisha nikavuta kitufe cha waipa. Tak. Nikahesabu moja, mbili, na ilipoanza kuimba nikainamisha kichwa, nikaanza na upande wa kushoto.